Kioo cha Sanduku Namba Nne

Mogogosiek, 4 Machi 2025

Dada Sally,

Chamgei. Huku tumeamka wote. Wewe huko Japani sijui kama saa hii ni asubuhi ama jioni, lakini pokea salamu vile zitakavyokukuta. Chepchirchir ameanza kuunganisha maneno mawili. Jana aliniambia "mama, kuja," kama mtu mzima anayeita mfanyakazi. Ng'ombe mweusi amezaa, lakini ni dume, basi tumenyamaza tu. Hezekiah bado yuko Lodwar na watu wa barabara. Anasema jua la huko haliruhusu mtu kushika koleo bila kitambaa. Nyumba ni mimi na mtoto.

Naandika kwa sababu uliniambia kwa simu nasema "tuko sawa" hata nyumba ikiwaka moto. Ni kweli. Usicheke mwandiko, si unajua niliachia kidato cha pili.

Sanduku limefika. Bwana Duke, yule wa maabara kule Kabianga, alilileta kwa pikipiki limefungwa blanketi kama mgonjwa. Akaliweka juu ya meza nje, upande wa jua la asubuhi. Maji ya chemchemi naweka juu, yanapita polepole chini ya kile kioo, yanatokea kwa bomba ndogo. Kila Jumamosi najaza kichupa kutoka kwa bomba, nakiacha siku mbili. Kikigeuka cheusi, vijidudu vimo. Kikibaki vile kilivyo, tunakunywa. Mpaka sasa vyote vitatu vimebaki vilivyo.

Sisi tuko namba nne. Priscillah wa duka, yule anayenipokelea barua zako, ni namba tano. Cheptoo wa kule chini ni namba sita. Zile tatu za kwanza ziko ng'ambo ya mto.

Bwana Duke aliniuliza kama nina jamaa anayefanya kazi kwenye utafiti huu. Nikasema hapana, vile ulinielekeza. Nikajifanya nafuta meza mpaka pikipiki yake ikapotea kwenye kona.

Dada, zile wiki tatu za hospitali mwaka jana bado niko nazo. Dawa ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Daktari akasema vijidudu vya maji yetu vimezoea karibu kila dawa iliyo kabatini, imebaki sindano moja. Nikamuuliza, na vikirudi? Akaanza kusema halafu akaangalia mtoto, akanyamaza. Kwa hivyo hili sanduku naliangalia kuliko ninavyoangalia ng'ombe.

Utakuja Desemba?

Mdogo wako,
Chepkurui

*

Shizuoka, 31 Machi 2025

Chepkurui, mdogo wangu,

Barua yako imechukua wiki tatu na nimeisoma mara tano. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu, kwa hivyo acha visingizio. Mbusu huyo anayeita wafanyakazi. Mwambie mama yake mkubwa pia angependa kuitwa.

Mimi ni mzima. Huku pia kuna majani chai, usishangae. Miti imekatwa mviringo, mistari mirefu, na juu ya nguzo wameweka feni kubwa za kufukuza baridi isiunguze majani. Watu wawili wanashika mashine, mmoja huku mmoja kule, wanamaliza mstari bila kusema neno. Nilisimama kando ya shamba nikingoja mtu amtanie mwenzake. Hakuna aliyemtania mwenzake. Nikarudi kwenye basi.

Uliwahi kuniuliza sanduku linafanyaje kazi. Kile kioo kimepakwa utando mweupe, mwembamba kuliko ule wa juu ya maziwa. Jua likikipiga, na ile betri ndogo ikivuta umeme kidogo, utando unatoa kitu kikali ndani ya maji kinachochana ngozi ya kijidudu. Hakikai, kinaisha hapo hapo, kwa hivyo maji hayabaki na sumu. Dawa ya hospitali ni kama ufunguo, na vijidudu vyetu vimebadilisha kufuli. Hiki hakitafuti kufuli, kinabomoa ukuta. Hata vile vilivyoshinda dawa, hapa maabara tumeviona vikifa. Lakini kinahitaji jua. Kioo kiwe safi, kisiwe na matope, la sivyo jua halipiti.

Kuhusu lile swali la Bwana Duke, tuliache hivyo. Jamaa za wafanyakazi hawaruhusiwi kuwa kwenye majaribio. Nilijua, na bado nikaandika jina lako. Sikuwa tayari kumwona mtoto huyo na sindano tena huku sanduku linakaa kwa mtu mwingine.

Mvua imeanza?

Sally

*

Mogogosiek, 7 Juni 2025

Dada Sally,

Natumaini u mzima huko kwa watu wasiotaniana. Sisi tuko. Mvua ya masika ilikuwa kubwa, barabara ya kituo cha majani imekatika na lori linachelewa. Siku mbili karani Kebaso alipima majani yetu gizani na tochi ya simu. Chepchirchir ameota jino la nyuma. Ndama aliuzwa. Mwezi uliopita akina mama wa kanisa walikuja kuomba kwangu, wakawa kumi na wanane, nikapikia mpaka kwenye sufuria ya jirani. Walilisifu sanduku. Mmoja alisema, "Chepkurui siku hizi ana maji ya Wazungu." Nikamwambia ni ya Wajapani, wakacheka.

Vichupa vya wiki hizi ni vizuri. Nimempa Bwana Duke karatasi.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mwingine lakini mtoto ameumwagia uji. Nitauandika tena siku nyingine.

Hujanijibu kuhusu Desemba.

Chepkurui

*

Shizuoka, 2 Julai 2025

Chepkurui,

Nimefurahi kusikia jino. Mimi nimepata mafua ya mvua ya huku, ambayo haina radi, inanyesha tu kama mtu analia bila sauti. Siku za Jumapili nazungumza Kikipsigis na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Ni msikilizaji mzuri.

Bwana Duke ametuma matokeo ya Juni. Profesa ameyabandika ukutani. Namba moja, mbili na tatu zimekuwa na vichupa vyeusi siku za mawingu, kama tulivyotarajia. Namba nne, tano na sita hakuna hata kimoja. Profesa anauliza kama upande wenu una jua zaidi. Nimemwambia labda.

Je, mna jua zaidi? Na ule ukurasa uliomwagikiwa na uji ulisema nini? Nikikuuliza swali, jibu swali.

Sally

*

Mogogosiek, 30 Julai 2025

Dada Sally,

Pole na mafua. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi, kama huko wanauza tangawizi. Huku ni Julai, unaijua Julai yetu. Ukungu unatoka msituni asubuhi unakaa mpaka saa sita, majani yanachumika na vidole vimekufa ganzi. Hezekiah alipiga simu, tukaongea dakika tatu, mbili zilikuwa "unanisikia?" Chepchirchir anakimbia sasa, anafukuza kuku za watu.

Vichupa ni vizuri.

Nilikuwa nauliza tu. Hicho kioo kikiharibika, kingine kinaweza kupatikana? Hakijaharibika. Nauliza kwa sababu kuku wanapanda mezani.

Kuni zimekuwa shida, zote zimelowa. Nimeeleza mengi. Mtoto ananivuta.

Chepkurui

*

Shizuoka, 20 Agosti 2025

Chepkurui,

Salamu kwako na kwa mfukuza kuku. Mimi sina habari mpya, ni joto tu na kelele za nyenje.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba kuni ni shida. Mtu mwenye sanduku linalofanya kazi anapika chai na ugali. Hizo kuni nyingi unazimalizia wapi?

Nimezaliwa kwenye ule ukungu. Julai ya Mogogosiek haina jua la kutosha kukausha nepi, sembuse kuua vijidudu. Nimekaa na karatasi zenu mbele yangu. Vichupa vyako ni safi kupita kiasi. Nimewaza unaandika uongo, halafu nikasema hapana, Chepkurui hawezi kuandika safi pale palipo peusi. Anaweza tu kutosema.

Nakuambia kwa nini nauliza. Mwezi wa kumi profesa atasimama mbele ya watu na kusema sanduku hili linafanya kazi hata bila jua, kwa sababu ya nyumba tatu. Halafu yatatengenezwa mengine, yapelekwe kwa dispensari na kwa akina mama wengine, na wataambiwa hakuna haja ya kuchemsha. Watoto wao watakunywa kwa sababu ya karatasi yako.

Sikukasirikii. Kioo kina nini, mdogo wangu?

Sally

*

Mogogosiek, 13 Septemba 2025

Dada Sally,

Barua yako nilipewa na Priscillah wakati nimetoka hospitali. Kwa hivyo nakuandikia yote, na uji ukimwagika nitaandika tena.

Ni ile siku ya akina mama wa kanisa. Masika yalikuwa yameleta udongo mwekundu kwenye chemchemi, na kioo kikawa na rangi ya chai ya maziwa. Uliniambia kiwe safi. Nikasuuza, haikutoka. Asubuhi hiyo nilikuwa naosha sotet za mursik, vile vibuyu vya maziwa ya mgando, nina majivu na ule mti wa senetwet wa kusugulia, nikaona aibu wageni kumi na wanane waje wakute kitu cha mradi ni kichafu kwangu. Nikakisugua kama sotet. Nikatia nguvu kabisa. Maji yalitoka meupe, nikafurahi, nikasema ni uchafu unatoka. Kikang'aa kama kipya. Nilijisifu mwenyewe.

Jumamosi ile kichupa kikageuka cheusi kama lami. Na iliyofuata. Hivyo viwili sikuviandika. Hapo ndipo nikakumbuka ule utando mwembamba ulioniandikia, na yale maji meupe.

Dada, sikuweza kusema. Niliona watakuja kulichukua, na wewe wataulizwa uliliweka kwa nani. Basi nikaanza kuchemsha. Nachemsha mlango umefungwa ili moshi usionekane sana, nayaacha yapoe, namwagia kwenye sanduku maji yaliyochemshwa, na kichupa najaza kutoka kwa bomba kama mlivyosema. Kwa hivyo sikuandika uongo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia nikichuma.

Mwisho wa Agosti niliugua mimi. Siku mbili sikuamka. Kuni zilikuwa zimelowa zote. Chepchirchir alilia kiu, nikampa ya bomba, hayajachemshwa. Nilijua. Nilimpa nikijua, nikisema ni kikombe kimoja.

Siku ya tatu akaanza kuhara. Nikambeba mpaka hospitali. Nesi anaitwa Quinter, mwanamke wa maneno machache. Akaniuliza:

"Mtoto anakunywa maji gani?"

"Ya sanduku. Inasafishwa na jua."

"Unachemsha?"

"Hakuna haja. Ilipimwa."

Akaandika. Akasema, "Basi si maji. Acha tuangalie chakula." Akatutuma kwenye benchi.

Nikakaa. Mtoto alikuwa mwepesi mapajani, kama nguo iliyokauka. Nikawaza, sasa wataanza kutafuta mahali ambapo hakuna kitu, wakianza na ile dawa ya kwanza, halafu ya pili, na siku zinaenda. Nikasimama nikarudi mbele. Mama mmoja akanishika nguo. "Wewe, sisi wote tuna watoto. Kuna laini hapa." Nikamwambia naiona. Nikapita.

"Nesi, nilikudanganya."

"Juu ya nini?"

"Juu ya maji. Sanduku limekufa tangu mwezi wa tano. Na mwaka jana alilazwa, dawa zilikataa, ilibaki ile sindano."

Aliweka kalamu chini. Sikuwa nimejiandaa kwa vile alivyosema polepole. "Mama, kile unaniambia ndicho naandika, na kile nimeandika ndicho daktari anatibu. Ukidanganya mimi, ni huyu uliyembeba umedanganya." Akachana karatasi akaanza nyingine.

Hawakungoja. Walimpa ile sindano siku hiyo hiyo. Siku ya nne aliamka akaniambia "mama, chai, mingi." Amekonda lakini tuko nyumbani. Daktari alisema tungechelewa siku mbili, habari ingekuwa nyingine. Huyu wa sasa humaliza sentensi zake.

Sasa unajua. Waambie. Kama wataniita mwongo ni sawa, lakini usiache mama mwingine aambiwe asichemshe kwa ajili yangu.

Chepkurui

*

Shizuoka, 8 Oktoba 2025

Chepkurui wangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, na nilikaa chini hapo hapo, watu wakinipita. Mbebe mtoto kwa ajili yangu. Mbebe muda mrefu.

Nilienda kwa profesa siku hiyo. Nilianza na langu. Nilimwambia namba nne ni mdogo wangu, nililijua katazo na nikalificha. Halafu nikamwambia juu ya kioo. Akabandua ile karatasi ya Juni ukutani. Kisha akauliza, "Kwa nini majivu?" Nikamchorea sotet. Nikamweleza vile inavyosuguliwa, vile msichana anavyosifiwa kwa sotet safi. Akasema wameshughulika na hicho kioo miaka mingi, wamekipima kwa joto, kwa baridi, kwa chumvi, na hakuna aliyewahi kuuliza nani atakiosha.

Lakini mimi ningeuliza, Chepkurui. Mama alitufundisha kwenye ndoo moja. Niliandika "kiwe safi" nikafunga bahasha. Hiyo ni yangu, usiibebe.

Nyumba yako imetolewa kwenye matokeo, na hotuba ya Oktoba imeahirishwa. Mimi nimeondolewa kwenye majaribio ya nyumbani kwa watu. Naosha vyombo vya maabara vya wenzangu hadi Machi, ndipo wataamua kama nabaki. Kwa hivyo Desemba siji. Nilikuwa nalikwepa hilo swali kwa sababu nilikuwa sijakata tiketi hata kabla ya haya, na niliona aibu kukuambia kwamba naogopa kurudi bila cheti nilichofuata huku.

Bwana Duke atapita kuchukua sanduku. Namba tano na sita bado zinatusumbua, nazo ni safi mno. Ameagizwa azikague.

Sally

*

Mogogosiek, 5 Novemba 2025

Dada Sally,

Salamu za huku ni za mvua tena. Chepchirchir amerudisha mashavu. Hezekiah ameambiwa yote, kitu cha kwanza aliuliza ni mtoto amekula nini. Amesema atakuja Krismasi hata kama ni kwa lori la kokoto.

Kuosha vyombo si kitu, dada. Rudi na cheti ama bila, mlango ni ule ule.

Sikungoja Bwana Duke. Ijumaa nilibeba vichupa viwili mpaka kituo cha majani, kimoja cha maji ya sanduku, kimoja cha maji yaliyochemshwa. Lori lilikuwa halijafika. Wanawake walikuwa wameketi juu ya magunia, Priscillah alikuwa amekuja kuuza mandazi. Nikasimama kando ya mizani.

Kebaso akaniambia, "Mama Chepchirchir, unapima majani ama unahubiri?"

Nikasema nahubiri, lakini ni fupi. Nikainua kichupa cheusi. Nikawaambia haya ndiyo maji yangu mliyoyasifu. Nilisugua kioo na majivu, dawa yake ikaisha, nikaogopa, nikawa nachemsha kwa siri miezi mitatu na Bwana Duke anaandika safi. Siku moja sikuchemsha, na mtoto wangu karibu aende. Mwenye sanduku kama hili asilisugue, na maji achemshe.

Mmoja akavuta gunia lake kando. Nilisikia mvua kwenye mabati. Nikawaza, sasa hata salamu watanipunguzia.

Halafu Priscillah akafunika beseni lake la mandazi, akasema bila kuniangalia, "Mimi nilitumia ile waya ya sufuria."

Kebaso akasema, "Wewe? Na vile unajifanya mtu wa mradi?"

"Nyamaza, wewe hata kikombe chako unaoshewa." Akanigeukia. "Tangu Juni. Nachemshia ndani ya duka, nyuma ya magunia ya sukari. Nilikuwa naona wewe unaenda na karatasi zako safi, najiambia, tazama, wa shule kidogo anaweza, mimi nimeshindwa."

Cheptoo, namba sita, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo. Ni majivu, kama mimi. Wiki ile ile yangu.

Tulikuwa watatu, dada. Kwenye mlima mmoja, kila mtu nyumbani kwake amefunga mlango anachemsha maji, akidhani mwenzake ndiye anajua kutunza kitu.

Bwana Duke alikuja Jumatatu akatukuta pamoja, akachukua vioo vyote vitatu na kuandika maelezo marefu. Amesema watajaribu kutengeneza kinachovumilia mkono wa mwanamke. Nikamwambia kije na maandishi ya namna ya kukiosha, na yaandikwe na mtu aliyewahi kuosha.

Kwa sasa tunachemsha kwa zamu, sufuria moja kubwa ya kanisa, kuni za nyumba moja zinatosheleza nyumba tatu. Leo ni kwangu. Nawasikia kwenye njia na madumu yao, Priscillah anapiga kelele kwamba nimechelewa kuwasha. Wacha nikafungue mlango.

Chepkurui